Deni la Mtimua Vumbi

Katika lugha ya magazeti yetu, vumbi ni habari njema. Ligi Kuu inatimua vumbi Jumamosi. Kampeni zinatimua vumbi. Tamasha la utamaduni linatimua vumbi viwanja vya wilaya. Sisi waandishi tunaupenda msemo huu kwa sababu una mwendo ndani yake: ukisoma tu unaona miguu inakimbia na watu wanashangilia. Ila msemo unaishia pale vumbi linapopanda. Hautuambii linatua wapi, wala linamtua nani.

Hilo ndilo swali ninalotaka tulijadili leo, na naomba msomaji alichukulie kama swali la maadili hasa, si la usafi wa mazingira. Mtu anayetimua vumbi kwa shughuli yake halali, anamdai nini anayelila? Au tuseme: anadaiwa nini? Nitalipeleka swali mpaka jangwani, kwenye misafara ya kijeshi, maana huko vumbi limechunguzwa sana. Lakini nalianzia Dongobesh, kwa sababu ndiko nilikolijua.

Dongobesh ipo kwenye barabara itokayo Mbulu mjini kwenda Haydom, juu kwenye nchi ya Wairaqw. Si jangwa. Asubuhi za Julai kuna baridi ya kuvaa koti, na mvua zikinyesha tatizo letu ni tope. Ila kiangazi kikikolea, ile barabara ya udongo inasagika mpaka inakuwa kama unga. Fuso moja likipita, wauza vitunguu saumu wanafunika beseni kwanza, halafu ndiyo pua. Mwanafunzi anasimama kando, anageuza uso ukingoni, anasubiri. Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani ni heshima kwa gari.

Mei 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya Bunge kule Dodoma, kichwa chini miguu juu, akidai barabara ya lami. Video ilisambaa na watu wakacheka sana. Kwa mtu aliyekulia kando ya barabara hiyo, kicheko kilikuwa na kitu kingine ndani yake. Mtu mzima mwenye suti amelazimika kusimama kwa kichwa ili vumbi la watu wake lionekane. Kumbe vumbi, pamoja na kuonekana kilomita kadhaa, ni kati ya madhara yasiyoonekana kabisa mbele ya wenye uamuzi.

Sasa twende jangwani.

Nina mjomba mstaafu wa JWTZ aliyewahi kuwa Darfur, magharibi mwa Sudan, na kikosi cha Tanzania kwenye UNAMID, ule ujumbe wa pamoja wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika ulioidhinishwa mwaka 2007 na kumaliza muda wake mwishoni mwa 2020. Mimi na yeye huitana mjomba, kama ilivyo desturi ya wengi. Nilimuuliza kule walilidhibiti vipi vumbi.

"Mjomba, kwanza elewa kwamba vumbi ni bendera," akaniambia. "Ukitoka kambini, mtu aliyekaa kilimani anaiona bendera yako kabla hajasikia injini. Anahesabu magari, anajua unaelekea wapi, anajua na mwendo wako."

Akanieleza mambo madogo madogo ambayo ndiyo kazi yenyewe. Magari yanaachiana nafasi kubwa, maana dereva wa nyuma akiingia kwenye wingu la mwenzake haoni shimo, haoni mtu, wala haoni kama aliye mbele amesimama. Upepo ukivuma kutoka pembeni, mnajipanga upande ambao vumbi linapeperuka kwenda mbali na msafara. Mwendo unapunguzwa. Jioni chujio la hewa la kila injini linatolewa na kukung'utwa, bunduki zinafutwa, midomo ya mitutu inafunikwa. Kambini, mahali pa kutua helikopta panamwagwa kokoto na kushindiliwa.

Haya hayakuwa mazoezi. Tarehe 13 Julai 2013 askari saba wa Tanzania waliuawa karibu na Khor Abeche, Darfur Kusini, msafara wao uliposhambuliwa, na wengine kumi na saba wakajeruhiwa, wakiwemo polisi wa ujumbe huo. Sisemi kwamba ni vumbi lililowaponza. Nasema tu kwamba, katika nchi ambayo hayo yanaweza kutokea mchana kweupe, askari anayehofia kuonekana ana haki kamili ya kuhofia.

Na majeshi makubwa kuliko letu yamejifunza somo la vumbi kwa gharama. Usiku wa tarehe 24 Aprili 1980 Marekani ilipeleka helikopta nane kutoka kwenye meli ya Nimitz kwenda jangwa la Iran kuwaokoa mateka wa ubalozi wake. Njiani zikakutana na mawingu ya vumbi laini lililoning'inia angani. Zilizofika kituo cha kwanza zilikuwa sita, na zilizofaa kuendelea zikabaki tano, kwa hiyo kazi ikaahirishwa. Wakati wa kuondoka, helikopta moja ikiwa ndani ya vumbi la mapanga yake ikaigonga ndege ya mizigo iliyojaa mafuta. Wakafa wanajeshi wanane, na hakuna adui aliyefyatua hata risasi moja.

Wengine waligeuza vumbi kuwa silaha. Kwenye vita vya Afrika Kaskazini, jenerali wa Kijerumani Erwin Rommel alijulikana kwa hila ya kupeleka malori yatimue vumbi ili Waingereza wadhani vifaru vingi vinakuja. Vumbi lina sifa hiyo ya ajabu: linasema ukweli kuhusu mwendo wako, na likitumiwa na mjanja linasema uongo.

Kwa hiyo majeshi yakaanza kutafuta dawa. Kuna maji, ambayo ndiyo dawa ya kwanza na rahisi. Kuna chumvi kama kalisi kloridi na magnesi kloridi zinazovuta unyevu kutoka hewani na kuushikilia ardhini. Kuna lami nyepesi, kuna mabaki ya viwanda vya karatasi, kuna molasesi ya viwanda vya sukari, na siku hizi kuna gundi za maabara zinazounganisha chembe za mchanga ziwe kama ukoko. Kila moja ina bei yake na muda wake wa kukaa. Na ukitazama sababu za kutumia dawa hizi, zinajirudia: adui asituone, magari yasigongane, injini zisiharibike, askari wasiugue.

Sababu zote nne ni nzuri. Zote nne zinamhusu anayetimua.

Nilipomuuliza mjomba kuhusu watu wa barabarani, wale kina mama wa Darfur wenye punda na madumu, alinyamaza kidogo. Halafu akasema: "Walikuwepo muda wote. Tulikuwa na kamanda mmoja, tukikaribia kisima anaamuru mwendo wa mguu mpaka tupite. Akabadilishwa. Aliyekuja hakuwa na habari hiyo."

"Kwani haikuwa amri?"

"Ilikuwa tabia yake tu, mjomba."

Hapo ndipo fundo la swali lilipo. Kumlinda askari dhidi ya vumbi kulikuwa utaratibu. Kumlinda mama wa kisimani kulikuwa tabia ya mtu mmoja, na mtu akihamishwa tabia inaondoka naye kwenye begi. Sasa, je, alichokifanya yule kamanda wa kwanza kilikuwa wema, kwa maana ya kitu cha hiari ambacho ukikiacha hulaumiwi? Au kilikuwa wajibu ambao yule wa pili aliukwepa bila hata kujua?

Wapo watakaosema ni wema. Hoja yao si ya kijinga, hebu tuisikilize. Vita ni vita, watasema. Askari akipunguza mwendo anakuwa shabaha rahisi. Ukimlazimisha atembee taratibu kila anapoona kijiji, siku moja utamzika. Na upande wa pili wa mizani kuna nini? Kikohozi. Nguo za kufua upya. Huwezi kulinganisha maisha na kanga yenye vumbi.

Katika maadili kuna mafundisho ya kale, ambayo kwa kawaida huanzishwa na Thomas Aquinas, yanayotofautisha jambo unalolikusudia na jambo linalotokea pembeni wakati unafanya lile ulilolikusudia. Msafara unakusudia kufika. Vumbi linatokea pembeni. Kama kufika ni jambo jema, na madhara ya pembeni si makubwa kupita lile jema, huna hatia. Kwa kipimo hicho msafara umesafishwa.

Lakini mwaka 1977 Michael Walzer, kwenye kitabu chake kuhusu vita vya haki na visivyo vya haki, aliona kwamba kipimo hicho kinamwachia askari kirahisi mno. Haitoshi, alisema, kutokukusudia madhara. Unapaswa pia kukusudia kuyapunguza, na kukubali kubeba gharama fulani wewe mwenyewe kwa ajili hiyo. Mwaka huohuo Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza kwenye Mikataba ya Geneva ikaweka kwenye sheria wajibu wa kuwajali raia wakati wote wa operesheni za kijeshi. Sheria hiyo iliandikwa watu wakiwa na mabomu akilini. Hata hivyo maneno "wakati wote" ni mapana.

Mimi nadhani Walzer ana haki, na nadhani hoja ya "vita ni vita" inaanguka mahali pengine kabisa: inadhani kila safari ya jeshi ni mapigano. Sivyo. Sehemu kubwa ya maisha ya jeshi ni kusomba. Maji, mafuta, unga, barua, wagonjwa, makamanda wanaokwenda mkutanoni. Fikiria barabara yetu. Gari la wagonjwa linalokimbia kwenda Hospitali ya Haydom linatimua vumbi kuliko Fuso, na sijawahi kusikia mtu wa Dongobesh akililaani. Watu wanageuza uso na kuomba mgonjwa afike. Ila lilelile gari likirudi tupu kwa mwendo uleule, utasikia maneno. Hakuna aliyewafundisha watu wale falsafa, lakini wameshapiga hesabu: haraka yenye sababu inasamehewa vumbi lake, na haraka isiyo na sababu inabaki na deni.

Kwa kipimo hicho, askari aliye chini ya risasi hadaiwi kitu. Anayepeleka masanduku ya soda kambini anadaiwa kama dereva mwingine yeyote.

Na je, ni kweli kwamba upande wa pili wa mizani kuna kanga tu? Vumbi tunaloliona, lile jekundu linalokaa kwenye nyusi, ndilo lenye nafuu. Pua inalizuia, mate yanalitoa. Baya ni lile dogo lisiloonekana, lenye upana chini ya sehemu kumi za elfu ya milimita, linalopita kooni na kuingia ndani, na lililo dogo zaidi ya hapo linafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Halilipuki. Linasubiri.

Marekani inalijua hilo kwa askari wake. Agosti 2022 ilipitisha sheria inayojulikana kama PACT, ikipanua matibabu na fidia kwa wanajeshi waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, vumbi na sumu nyingine walipokuwa Iraq, Afghanistan na kwingineko. Ni sheria njema, na waliopigania wapongezwe. Ila msome mhusika wake: ni askari wa zamani wa Marekani. Mtoto wa Iraq aliyezaliwa upande wa pili wa ukuta wa kambi, aliyevuta hewa ileile kwa miaka mingi kuliko askari yeyote, hayumo. Hewa haikuwa na mpaka. Sheria ndiyo iliyochora mpaka.

Tuna methali tunayoikimbilia kila tunapozungumzia vita: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Naipenda, lakini kwenye jambo hili imepungukiwa. Nyasi huchipua mvua ikinyesha. Ardhi ya jangwa ina ukoko mwembamba juu yake, umejengwa na upepo, chumvi na viumbe vidogo kwa miaka mingi, na ndio unaoshikilia mchanga usiruke. Magurudumu na minyororo ya vifaru vikiupasua, mchanga wa chini uko huru. Mtaalamu wa mimea F. W. Oliver, aliyekuwa akiishi Maryut karibu na Aleksandria, aliandika mwaka 1945 jinsi dhoruba za vumbi zilivyoongezeka huko miaka ya vita, magari ya majeshi yalipoichana ardhi, na jinsi zilivyopungua yalipoondoka. Maana yake ni kwamba kifaru kilichopita Jumatatu kilikuwa bado kinamwaga vumbi kwenye hema la Mbedui Ijumaa, dereva wake akiwa ameshafika kwingine.

Basi tulidhibiti, si ndiyo? Hapa nako kuna mtego, na ni mtego ninaoujua vizuri zaidi wa Dongobesh kuliko wa Darfur. Penye ujenzi wa barabara, dawa ya vumbi ni boza la maji. Linapita asubuhi na mchana, linanyunyiza, udongo unatulia nusu saa, jua linafanya yake. Niliwahi kusimama kando ya kazi ya mkandarasi mmoja katika mkoa wetu nikitazama boza likimwaga, na ng'ambo ya barabara kina mama wamepanga madumu wakisubiri zamu ya bomba. Hawakusema kitu. Walikuwa wanatazama tu yale maji yanavyokunywewa na barabara.

Chukua hesabu rahisi. Boza la lita 10,000. Familia inayotumia ndoo tano za lita ishirini kwa siku inatumia lita 100. Mzunguko mmoja wa boza ni siku mia moja za familia hiyo. Sasa peleka hesabu hiyo Darfur, mahali ambapo maji yenyewe ni sehemu ya ugomvi. Jeshi linalonyunyiza kisima cha watu ili watu hao wasile vumbi limewaondolea madhara moja kwa kuwapa jingine, na halikuwauliza wangechagua lipi.

Dawa zisizo za maji nazo zina historia. Miaka ya 1970, mji mdogo wa Times Beach, jimbo la Missouri, Marekani, ulikuwa na barabara za vumbi na hauna fedha za lami. Ukamlipa mtu anyunyize oili chafu. Kumbe oili ile ilichanganywa na taka za kiwanda zenye dioksini, kutoka kwenye jengo ambalo awali lilitengeneza Agent Orange, sumu iliyomwagwa kwenye misitu ya Vietnam. Vumbi lilitulia kweli. Farasi na ndege wakafa kwenye maeneo yaliyonyunyizwa, na mwaka 1983 serikali ikatangaza kuununua mji mzima ili watu wahame. Leo hakuna Times Beach. Gereji zetu nyingi humwaga oili chafu uani kutuliza vumbi, na hakuna anayeuliza maji ya mvua yanaipeleka wapi.

Kwa hiyo kudhibiti vumbi peke yake si jibu la swali letu. Unaweza kulidhibiti kwa faida yako ukamwachia mwenzio kiu, au ukamwachia sumu. Jibu linaanzia kwenye kumhesabu aliye kando ya barabara kuwa ni mmoja wa wahusika wa safari. Ukishamhesabu, njia ya kwanza inajitokeza yenyewe, nayo haihitaji boza wala gundi ya maabara: mwendo. Gari likipunguza mwendo, vumbi linapungua sana, na gharama yake ni dakika za mwenye gari badala ya mapafu ya mpita njia. Ni dawa pekee, kati ya zote nilizozitaja, ambayo inalipwa na mdaiwa mwenyewe. Nahisi ndiyo maana haipendwi.

Njia ya pili ni kuuliza. Kabla ya msafara kupanga ratiba ya kupita, mtu aende kwa wazee wa kijiji aulize saa za kuteka maji, saa za shule, siku ya mnada. Majeshi ya kulinda amani yana maofisa wa kuzungumza na raia, wanalipwa kwa kazi hiyo. Na mkandarasi wa barabara ana mwenyekiti wa kijiji umbali wa kupiga simu. Hapo ndipo ingejulikana kama watu wanataka maji yamwagwe barabarani au yabaki bombani. Huenda wangesema yamwagwe, mbele ya shule tu. Huenda wangesema afadhali vumbi. Vyovyote vile, ingekuwa kauli yao.

Na njia ya tatu ndiyo niliyoichukua kwa mjomba bila yeye kuitoa kama fundisho: tabia njema ya kamanda mmoja iandikwe iwe amri. Mambo mengi tunayoyaita leo haki za raia vitani yalianza hivyo. Mtu mmoja alifanya jambo kwa huruma yake, wengine wakaona linawezekana, likaandikwa, na asiyekuwa na huruma naye akalazimika kulitii. Huruma tunaishukuru, lakini mama wa kisimani hawezi kupanga siku zake kwa kuitegemea. Anahitaji kujua kwamba hata akija kamanda mbaya, msafara utapita taratibu.

Kwenye barabara yetu tunaweza kuanza bila kusubiri Geneva wala lami. Kibao cha mwendo kabla ya mnada, kingine kabla ya shule, na serikali ya kijiji yenye ubavu wa kumtoza faini dereva wa Fuso, wa Noah, na wa Landkruza ya serikali vilevile. Gari la wagonjwa lipite.